Kabla hujalipa kiwanda: hesabu ya kitabu unachojichapishia

Waandishi wengi wanaojichapishia hufika siku ya kupokea maboksi wakiwa hawana kitu mfukoni. Pesa yote imeishia kwenye karatasi na wino. Kitabu kipo, kimependeza, bado kinanukia gundi, na hakuna hata senti iliyobaki ya kuwajulisha watu kwamba kipo. Ndipo mtu anaanza kugawa nakala kwa jamaa na kubandika picha ya jalada mtandaoni kila asubuhi mpaka marafiki wamchoke. Hapo watu hulaumu matangazo, lakini tatizo lilianza miezi kadhaa nyuma, siku kitabu kilipopewa bei na idadi ya nakala bila kukaa chini na kalamu.

Hesabu yenyewe ni ya nakala moja tu. Ikiuzwa, kwako inabaki ngapi? Namba hiyo ndiyo inayoamua uchapishe nakala ngapi, uwape wenye maduka punguzo gani, na tangazo la kulipia lifike bei gani kabla halijaanza kukutia hasara.

Pesa inayotoka mara moja

Uhariri, jalada, upangaji wa kurasa na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) hulipiwa mara moja, uuze nakala 50 au 5,000. Kwa kuwa haionekani kwa macho kama maboksi yanavyoonekana, hii ndiyo pesa watu huibania kwanza. Ukilazimika kubana, bana idadi ya nakala. Kitabu chenye makosa kikichapwa nakala 2,000, makosa nayo yamechapwa mara 2,000.

Uhariri ni kazi tatu, na ukimwambia mtu "niharirie kitabu" bila kutaja ipi, mtagombana mwishoni. Uhariri wa maudhui unagusa mpangilio: sura ipi ihamishwe, hoja ipi haijashikiliwa na chochote, mhusika yupi anatoweka ukurasa wa 90 bila maelezo. Uhariri wa lugha unashughulika na sentensi, tahajia, majina na tarehe zinazopaswa kulingana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kusoma prufu kunakuja mwisho kabisa, na hufanywa kwenye kurasa zilizokwisha kupangwa, si kwenye faili ulilokuwa ukiandikia. Upangaji wenyewe huzaa makosa mapya: aya iliyodondoka, kichwa cha habari kilichoachwa peke yake chini ya ukurasa, namba za kurasa kwenye yaliyomo zisizolingana na za ndani. Kitabu cha Kiswahili kina mtego wake wa ziada. Mpangaji akiiacha programu kwenye lugha ya Kiingereza, mashine hukata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni zake, ukakuta "mwan-amke" na "nyum-ba". Mwambie azime ukataji wa maneno. Na faili likihama kutoka programu moja hadi nyingine, kagua ritifaa ya ng', maana wakati mwingine hugeuka alama isiyosomeka, na maneno kama ng'ombe na ng'ambo ndiyo ya kwanza kuumia.

Kabla ya kumlipa mhariri, mwombe afanyie kazi kurasa tano hadi kumi za katikati ya mswada. Usimpe za mwanzo, kwa sababu hizo umeshazisugua mara nyingi. Kisha lipa kwa hatua: sehemu mwanzoni, sehemu kazi ikifika nusu, sehemu ya mwisho baada ya maswali yako kujibiwa. Kwa msanifu wa jalada na mpangaji wa kurasa, andikeni kwenye makubaliano idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei, na mtaje kwa jina vitu utakavyokabidhiwa: PDF ya kuchapia, faili la kazi linaloweza kufunguliwa na kuhaririwa, na leseni za picha na fonti. Faili la kazi husahaulika mno. Usipokuwa nalo, kurekebisha mstari mmoja mwaka kesho kunaweza kukulazimu ulipie kupanga kitabu kizima upya.

Kuhusu ISBN: tangu Januari 2007 ina tarakimu 13, na kila umbo la kitabu linahitaji yake, jalada laini moja, jalada gumu nyingine, kitabu pepe cha EPUB nyingine. Kila nchi ina wakala wake. Marekani ni Bowker na Uingereza ni Nielsen, na wote wawili huuza; ziko nchi ambako namba hutolewa bure. Majukwaa ya mtandaoni nayo hukupa ISBN ya bure, ila isome masharti yake. Ile ya KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia, haitumiki nje ya KDP, na jina la mchapishaji linaloandikwa si lako. Kitabu pepe cha Kindle hakihitaji ISBN kabisa, kwa kuwa Amazon hukipa namba yake ya ndani iitwayo ASIN.

Karatasi, na kwa nini nakala nyingi si lazima ziwe rahisi

Uchapaji wa ofseti, ule wa mashine kubwa, una gharama ya kuandaa sahani (bamba zinazobeba sura ya kurasa) na kuwasha mashine, ambayo hulipwa hata ukichapa nakala kumi. Uchapaji wa kidijitali hauna sahani, hivyo bei ya nakala moja haibadiliki sana. Tutumie sarafu yoyote na namba za mfano: maandalizi ya ofseti ni 6,000, na kila nakala baada ya hapo ni 18. Ukichapa 200, kila moja inakugharimu 48. Ukichapa 1,000, inashuka hadi 24. Ukichapa 3,000 inafika 20. Kiwanda kikikutajia hiyo 20, kumbuka kwamba kutoka 1,000 hadi 3,000 umeokoa 4 tu kwa nakala, lakini umetoa 36,000 zaidi na una vitabu 2,000 vya ziada vya kuhifadhi mahali pakavu. Kama kidijitali ni 35 kwa nakala, ofseti inaanza kuwa nafuu ukivuka nakala 353 hivi. Chini ya hapo usijisumbue nayo.

Ni ngapi basi? Mimi huamini karatasi yenye majina kuliko matumaini. Orodhesha watu, vikundi, maduka na taasisi ambazo unaweza kuzitaja kwa jina, weka idadi mbele ya kila moja, kisha kata nusu. Hiyo ndiyo chapa ya kwanza.

Ukiomba bei viwandani, omba kwa vipimo vilevile kila mahali, la sivyo bei hazilinganishiki: ukubwa (A5 ni milimita 148 kwa 210), idadi ya kurasa, uzito wa karatasi ya ndani (gramu 80 kwa mita ya mraba ndiyo ya kawaida kwa kitabu cha maneno matupu), uzito wa karatasi ya jalada (gramu 250 hadi 300), laminesheni (utando wa plastiki juu ya jalada) ya kung'aa au isiyong'aa, gundi au kushonwa kwa uzi, rangi ndani au nyeusi tu, na usafirishaji umo au haumo.

Kurasa za ofseti huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, kwa kawaida kurasa 16 kwa mkunjo mmoja. Kitabu cha kurasa 193 kwa hiyo kitapelekwa hadi 208, na utalipia kurasa 15 tupu. Kukifinya kirudi 192, labda kwa kufupisha shukrani au kupunguza nafasi kidogo, ni kazi ya saa moja ya mpangaji. Tena fanya hivyo kabla jalada halijakamilika, kwa sababu unene wa mgongo unatokana na idadi ya kurasa. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kurasa 200 ni karatasi 100, basi mgongo ni kama milimita 10. Kiwanda ndicho kiseme kipimo kamili cha karatasi yake. Kurasa zikiongezeka au kupungua baada ya jalada kusanifiwa, jina la mgongoni halitakaa katikati.

Makosa mengine ya kiwandani yana sababu zinazojulikana. Jalada linatoka limefifia kuliko lilivyoonekana kwenye skrini kwa kuwa faili liliachwa kwenye rangi za RGB, za skrini, badala ya CMYK, za wino wa kuchapia. Maandishi meusi yanaonekana yana kivuli kwa kuwa weusi ulitengenezwa kwa wino nne, na sahani zikipishana kidogo tu macho huona. Maneno ya ndani yawe ya wino mweusi peke yake. Mstari mweupe pembeni mwa jalada unatokea pale ambapo picha haikuzidishwa milimita 3 nje ya ukingo wa kukatia. Picha zenye ukungu zilikuwa chini ya nukta 300 kwa inchi. Kitabu kinachokataa kufunguka vizuri na kurasa zake zinajipinda, mara nyingi nyuzi za karatasi zimelala kinyume na mgongo. Hilo liulize kabla, maana baada ya kuchapwa halina dawa.

Usiidhinishe kitabu kwa kutazama PDF peke yake. Lipia nakala ya majaribio, ishike, ikunje, isome mgongo, hesabu kurasa. Viwanda huomba nusu au zaidi ya malipo mwanzoni, na hilo ni la kawaida. Unachopaswa kukipigania ni sehemu ya mwisho ilipwe baada ya kufungua maboksi machache bila kuchagua na kukagua. Soma pia kifungu cha idadi: mikataba mingi huruhusu kiwanda kuzidisha au kupunguza nakala kwa asilimia 5 hadi 10, na zilizozidi utatakiwa uzilipie.

Halafu uzito. A5 ya kurasa 200 kwenye gramu 80 ni takriban gramu 265 pamoja na jalada. Nakala elfu moja ni kilo 265, na boksi la nakala 40 linakaribia kilo 11. Huu ndio mzigo utakaousafirisha, na ndio uzito utakaoulipia kila mnunuzi wa mbali anapoagiza kimoja.

Nakala moja inabakiza nini

Bei ya jalada iwe 100, uchapaji 24. Ukimpa mwenye duka punguzo la asilimia 40 na kufikisha mzigo kwake kukagharimu 4, kwako inabaki 32. Ukiuza mwenyewe na bahasha na posta ikala 5, inabaki 71. Msambazaji anayefikisha kitabu kwenye maduka mengi anaweza kutaka asilimia 55, na hapo inabaki 21. Kama gharama za mara moja zilikuwa 12,000, unahitaji kuuza 375 dukani au 170 kwa mkono ili zirudi.

Hiyo bado si pesa taslimu. Uchapaji wa nakala 1,000 umeshaulipia wote, 24,000, na ukijumlisha zile 12,000, umetoa 36,000 kabla ya kuuza hata kimoja. Uchapaji ukiwa umeshalipwa, kila mauzo ya moja kwa moja huingiza 95 na ya dukani 56, kwa hiyo ili pesa hiyo irudi mkononi unahitaji mauzo 379 ya moja kwa moja au 643 ya dukani. Andika namba hizi mbili mahali unapoziona kila siku, maana kila uamuzi wa matangazo utarudi kwazo.

Zinaonyesha pia kwa nini mauzo ya jumla yasidharauliwe. Chama, shule au ofisi inayochukua nakala 30 kwa bei ya 70 inakuachia 46 kwa kila moja, zaidi ya duka, na huna cha kufuatilia. Kitabu cha maarifa, cha biashara, malezi au ufundi, kikiuzwa pamoja na mazungumzo ya saa moja ukumbini, hufanya vizuri zaidi kwa njia hii kuliko rafuni. Riwaya ni vigumu zaidi, isipokuwa kwenye vikundi vya wasomaji.

Maduka mengi hayatanunua. Yatapokea kwa mali kauli, yaani yakulipe baada ya kuuza. Si vibaya, mradi karatasi ziwepo. Kila unapoacha vitabu, hati ya makabidhiano iwe na tarehe, idadi, bei, punguzo, muda wa kulipa na sahihi ya aliyepokea, nakala mbili. Pita kila mwezi uhesabu rafuni wewe mwenyewe. Kubalianeni mapema nani anabeba hasara ya nakala iliyochafuka au kuibwa. Na usianze na maduka kumi. Anza na mawili au matatu unayoweza kuyafikia, kwa sababu nakala tano zilizosahauliwa katika kila duka kati ya kumi ni nakala 50 ambazo huna na hujalipwa.

Majukwaa ya mtandaoni

Uchapaji kwa oda, ambapo kitabu huchapwa baada ya mnunuzi kulipa, unaondoa maboksi na mtaji. Unalipia kwa njia nyingine: nakala moja ni ghali zaidi, na usafirishaji kwenda mbali na kiwanda huweza kukaribia bei ya kitabu.

Kwa KDP, kitabu pepe chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kulipwa mrabaha wa asilimia 70 katika masoko yaliyotajwa na KDP. Nje ya bei hizo ni asilimia 35. Kwenye ile 70 hukatwa ada ya upakuaji, dola 0.15 kwa kila megabaiti kwenye duka la Marekani. Riwaya ya maneno matupu haitaisikia. Kitabu cha picha cha megabaiti 20 kinapoteza dola 3 kwa kila mauzo, na hapo asilimia 35, isiyo na ada hiyo, inaweza kulipa zaidi. Cha karatasi hulipwa asilimia 60 ya bei, ukitoa gharama ya kuchapa, lakini tangu Juni 2025 vitabu vya bei ya chini ya dola 9.99 vinapata asilimia 50. Malipo hufika kama siku 60 baada ya mwisho wa mwezi wa mauzo. Mwandishi asiye wa Marekani, ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani, hukatwa asilimia 30 ya mapato yatokanayo na mauzo ya huko. Jambo la kuangalia kabla ya yote: KDP ina orodha ya lugha inazopokea, na ya kitabu pepe hailingani na ya karatasi. Itazame kabla hujalipia upangaji wa faili, si baada.

Mpango wa KDP Select hukuingiza kwenye Kindle Unlimited, huduma ya kusoma kwa ada ya mwezi, na kukulipa kwa kurasa zilizosomwa, ila kwa siku 90 kitabu pepe hicho hakiruhusiwi kuuzwa wala kugawiwa kwingine, hata kwenye tovuti yako. Muda ukiisha hujirudia wenyewe usipouzima. Kama wasomaji wako wananunua kwa ujumbe wa simu na kulipa moja kwa moja, mpango huu unawafungia mlango.

Mtaji wa wasomaji

Njia safi ya kulipia uchapaji ni kuuza kabla ya kuchapa. Wala si uvumbuzi wa mtandao. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, alipochapisha simulizi ya maisha yake London mwaka 1789, alitafuta kwanza watu wa kujiandikisha kununua, majina yao yakachapwa ndani ya kitabu, haki ya kitabu akabaki nayo mwenyewe, kisha akazunguka Uingereza na Ireland akikiuza. Kilifikia matoleo tisa akiwa hai.

Leo orodha hiyo inaweza kuwa daftari na risiti. Weka bei ya awali yenye punguzo dogo, tarehe ya kufunga, na ahadi moja inayotekelezeka, kwa mfano nakala iliyotiwa sahihi. Anza kupokea pesa baada ya uhariri wa lugha kukamilika, si kabla. Kinachovunja imani ni kuchelewa, na kinachochelewesha ni mswada ambao haujaisha. Tenga pesa hizo mbali na za matumizi mpaka kiwanda kilipwe. Kickstarter, jukwaa la kuchangisha pesa mtandaoni lililoanza mwaka 2009, hufanya kazi kwa kanuni ya yote au hakuna: lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa. Likifikiwa, jukwaa huchukua asilimia 5, na ada za malipo huongezeka juu yake. Inakubali waanzilishi kutoka nchi kadhaa tu, basi hakiki kama yako imo. Anayeweka lengo la kampeni hapo husahau posta, ambayo ikikadiriwa vibaya inaweza kumeza faida yote.

Mkopo wenye riba kwa ajili ya kitabu cha kwanza, mimi siushauri. Duka la mali kauli hulipa baada ya miezi miwili au mitatu, na riba haingoji.

Matangazo

Kabla ya kulipia tangazo lolote, rekebisha mahali tangazo linapompeleka mtu. Punguza picha ya jalada hadi upana wa sentimita mbili na nusu kwenye simu: jina likisomeka, endelea, lisiposomeka, rudi kwa msanifu. Maelezo ya kitabu yasizidi maneno 150 hivi, na sentensi mbili za mwanzo zibebe uzito, kwani nyingine hufichwa nyuma ya kitufe cha kusoma zaidi. Kwenye Kindle, sampuli ya bure ni karibu asilimia 10 ya mwanzo. Ukitanguliza shukrani za kurasa sita, dibaji ya rafiki na utangulizi, msomaji anamaliza sampuli bila kukutana na kitabu. Shukrani zihamie nyuma. KDP hukupa nafasi saba za maneno ya utafutaji na aina tatu za kuorodhesha kitabu. Usirudie humo maneno yaliyomo kwenye jina la kitabu, weka yale ambayo mtafutaji angeyaandika asipolijua jina lako.

Maoni ya wasomaji huja kabla ya matangazo. Wiki sita hadi nane kabla ya kutoka, peleka nakala za awali kwa watu wanaosoma aina hiyo ya kitabu, ukiwaeleza wazi kwamba hawalazimiki kusifu wala kuandika. Wengine watanyamaza, peleka nyingi kuliko unazohitaji. Usinunue maoni. Amazon huyaondoa, pamoja na ya ndugu na watu wa nyumbani, na Marekani tangu Oktoba 2024 ina kanuni ya FTC, tume ya serikali ya biashara, inayopiga marufuku maoni ya kubuni na ya kununuliwa.

Sasa tangazo la kulipia kila linapobofywa. Tuseme unauza mwenyewe na nakala inabakiza 71. Kati ya wanaobofya 20, mmoja ananunua. Mbofyo mmoja basi usizidi 3.55, na hapo bado hujapata faida, umetoka sare. Kwenye jukwaa ambako nakala inabakiza 30, ukomo ni 1.50. Ukilipa 2 kwa mbofyo, kila mauzo yanakugharimu 40 na unapoteza 10, na tangazo "linalofanya vizuri" linakumaliza haraka zaidi. Una dawa tatu tu: mbofyo wa bei ya chini, ukurasa unaoshawishi wengi zaidi, au kitabu cha pili ambacho msomaji wa cha kwanza atakinunua bila kutangaziwa. Ndiyo maana mwenye mfululizo wa vitabu anaweza kukubali hasara kwenye cha kwanza na mwenye kimoja hawezi.

Usilihukumu tangazo mapema. Kama kweli mmoja kati ya 20 hununua, uwezekano wa kupata mibofyo 10 bila mauzo yoyote ni karibu asilimia 60, kwa hiyo ukimya huo hauna maana yoyote. Mibofyo 60 bila mauzo, uwezekano umeshuka hadi karibu asilimia 5, hapo zima. Tenga bajeti ya mibofyo hiyo 60 kabla ya kuanza, ukiihesabu kama imeshapotea. Jaribu njia moja kwa wakati mmoja, kila moja na kiungo chake au namba yake ya punguzo, la sivyo hutajua ipi iliyoleta mauzo. Usipime kwa kupendwa na kusambazwa. Watu husambaza jalada zuri bila nia ya kununua.

Redio na magazeti ni bure, lakini hutaka maandalizi. Andaa ukurasa mmoja: jina la kitabu, bei, ISBN, mahali kinapopatikana, wasifu wako wa maneno 60, na maswali matano ambayo mtangazaji anaweza kukuuliza. Mara nyingi hatakuwa amekisoma, na atakushukuru. Usikubali mahojiano kabla vitabu havijafika madukani. Msikilizaji akienda akakosa, harudi.

Uzinduzi huwa mkubwa kuliko kitabu chenyewe. Ukumbi, vipaza sauti na viburudisho vikigharimu 7,100, unahitaji kuuza karibu nakala 100 pale pale ili uzinduzi ujilipe, na wageni mashuhuri huwa wanatarajia kupewa. Fanya mdogo. Weka meza ya mauzo karibu na mlango wa kutokea, watu wawili, mmoja apokee pesa na mwingine atoe kitabu, chenji iwepo, bei iandikwe kubwa. Chukua namba au anwani za baruapepe za wanunuzi kwa ridhaa yao. Orodha hiyo itakuuzia kitabu cha pili bila mbofyo hata mmoja.

Jihadhari na anayekufuata mwenyewe. Kampuni inayosifu mswada wako siku mbili baada ya kuupokea, kisha ikakutumia vifurushi vya bei, inauza huduma. Unaweza kuinunua, lakini uliza: faili ni za nani, ISBN ni ya nani, nani anapanga bei ya jalada, nakala zako mwenyewe utauziwa kwa kiasi gani, na mkataba unavunjwaje. Barua kutoka kwa "wakala" wa filamu au wa mchapishaji mkubwa inayotaka ada kwanza, ifute. Na "kifurushi cha matangazo" kiandikwe kwa vitendo vinavyohesabika. Taarifa kwa vyombo vya habari iliyotumwa kwa anwani elfu moja haijauza chochote.

Kuchapa tena

Tangu nakala ya kwanza itoke, weka faili la makosa: ukurasa, mstari, lililoandikwa, linalotakiwa. Ukisahihisha tahajia tu, ISBN inabaki ileile. Ukiongeza sura au kubadili maudhui kwa kiasi kikubwa, hilo ni toleo jipya na linahitaji namba mpya. Oda ya kuchapa tena huwekwa kabla akiba haijaisha. Ukiuza nakala 40 kwa mwezi, na kiwanda pamoja na usafirishaji huchukua miezi miwili, agiza zikibaki 100, si zikibaki 10. Lakini kwenye hizo 40 za mwezi usihesabu zilizoko madukani kwa mali kauli, kwani hizo bado hazijauzwa. Mauzo yakiwa yameshuka hadi nakala tano kwa mwezi, hamia kidijitali au uchapaji kwa oda hata kama nakala inabakiza kidogo, na pesa ya ofseti ipeleke kwenye uhariri wa kitabu kinachofuata.